Kaskazini ya Mama Endah

Jumapili Pahing, 3 Septemba

Murti, mke wangu, kapiga simu saa nne asubuhi kutoka Surabaya. Sherehe ya mtoto imekwisha salama. Siku thelathini na tano! Kazaliwa Jumapili Pahing, na leo siku ya juma na siku ya soko letu la siku tano zimekutana tena. Kanyolewa nywele, uji mwekundu na uji mweupe umegawiwa majirani, binti yetu Endah kalia kidogo. Mjukuu wangu wa kwanza, na babu yake sikuwapo. Nimeuliza anarudi lini, maana aliniambia atakaa mpaka siku hizo zitimie tu. Kasema bado bado, Endah hajapata nguvu. Kisha kasema kama nina lolote la kusema, niseme.

Nimesema kuku wanataga vizuri.

Kauliza hali ya goti. Nimesema baya sana, treni siiwezi. Goti langu ni zima kabisa. Ukweli ni kwamba mwaka juzi, kwa Endah, nilitoka kununua kahawa nikapotea kwa saa tatu. Nikarudishwa na muuza supu ya mipira ya nyama, mimi natembea kando ya mkokoteni, yeye anagonga bakuli, mtaa mzima unachungulia. Sirudi huko!

Nimefikiri mchana kutwa. Sababu ya Murti kutorudi ninaijua. Ni antena.

Jumatatu Pon, 4 Septemba

Niandike mambo yalivyo, maana daftari hili halisomwi na mtu. Murti alipoondoka tulikuwa na chaneli thelathini na moja. Safi! Wiki iliyofuata nikagundua kwamba mlingoti wa jirani yangu Bwana Tukiran, au Pak Tukiran kama tunavyomwita, ule anaopandishia kizimba cha njiwa wake kila asubuhi ili alie hewani, umeupita mwanzi wa antena yetu. Mwalimu mstaafu wa michezo na njiwa wake, wananitazama kwa juu! Nikakata mwanzi mrefu zaidi, nikahamishia antena huko. Nikampita kwa mkono mzima. Chaneli zikabaki sifuri.

Sasa, iko chaneli ya mkoa inayoonyesha mchezo wa kuigiza wa ketoprak kila Jumamosi saa kumi jioni. Wafalme, malkia, wachekeshaji, ngoma za shaba. Murti hakosi. Televisheni za Surabaya haziishiki chaneli hiyo. Mwanamke anaweza kuvumilia kumkosa mume. Kukosa ketoprak hawezi. Nikirudisha chaneli, atarudi mwenyewe, na mimi sitakuwa nimeomba kitu.

Nimekwenda kwa fundi wa redio sokoni. Kasema kazi ndogo, mnara uko kaskazini, elekeza huko, basi. Kaskazini, basi! Anasema hivyo kama vile kaskazini ni kitu kila mtu anacho.

Mimi sina. Siri hii anaijua Murti peke yake. Miaka thelathini na minne iliyopita nilikuja kijiji hiki kuoa, nimelala nyuma ya lori la tumbaku. Lori likapinda nikiwa usingizini. Nilipoamka, kaskazini yangu ilikuwa imekwama magharibi, na haijatoka mpaka leo. Kwangu mimi jua linachomoza kusini. Nimelizoea. Lakini watu wa hapa hawana kushoto wala kulia. Ukiambiwa usogee, unaambiwa sogea mashariki. Hata sahani wanaisema hivyo, pilipili iko kusini ya wali. Mtu mzima asiyejua kaskazini angechekwa mpaka kaburini.

Murti hajawahi kunitajia kaskazini. Anasema upande wa kisima. Upande wa kuku. Watu wakinielekeza, yeye anaingilia kati bila kuonekana, anasema, ah, pale karibu na kwa fulani. Hajaniumbua hata siku moja. Ninamkumbuka sana leo. Tempe yangu ya maharage ya soya nimeiunguza.

Jumanne Wage, 5 Septemba

Paa! Nimepanda na goti langu bovu kama tumbili. Antena nimeielekeza kaskazini, nikaikaza kwa waya.

Pak Tukiran akatokea uani kwake, hakuitwa na mtu. Kaniuliza natafuta nini huko juu. Nimemwambia mnara. Akapiga kelele, jina langu Suwignyo akilikata kama kawaida yake, "Pak Wig! Hiyo magharibi! Mnara uko kaskazini!" Nimesema najua, ninaupasha mwanzi joto kwanza. Kasema, "Upashe tu, lakini unaupasha magharibi!" Kacheka mpaka njiwa wake akanyamaza. Nimemwambia anatisha kuku wangu, wataacha kutaga. Nimeshuka kwa heshima.

Chaneli: sifuri.

Jumatano Kliwon, 6 Septemba

Nimegundua jambo kubwa. Antena ni kazi ya watu wawili. Mmoja juu ya paa, mmoja chini mbele ya televisheni, anasema bado, bado, hapo, umepitiliza. Nimejaribu kuwa wote wawili. Nageuza kidogo, nashuka ngazi, nabonyeza rimoti, kisimbuzi kinatafuta dakika nzima, hakuna kitu, napanda tena. Mara kumi na moja. Nikiwa juu nilijikuta nasema kwa sauti, "Sasa je?" Hakuna aliyejibu. Nilikaa kidogo paani bila kufanya chochote.

Alasiri nimebonyeza kitu kwenye rimoti. Kisimbuzi kimefuta kila kitu na sasa kinasema lugha nisiyoijua, herufi zake zina mikia. Kinaniuliza swali. Nimejibu ndiyo. Kimejizima.

Jumamosi Pon, 9 Septemba

Kisimbuzi kimerudi kusema lugha ya watu. Fundi wa sokoni kakibonyeza mara mbili tu, kwa dharau.

Saa kumi nimekaa mbele ya kioo cheusi, nimevaa shati safi. Kiti cha Murti kiko pembeni. Nimeweka chai mbili kwa mazoea, nimezinywa zote.

Saa kumi na moja na nusu kapiga simu. Kauliza chaneli zipo. Nimesema zipo zote thelathini na moja, picha kama maji ya chemchemi! Wala sijui kwa nini nimesema hivyo. Basi kaniomba nimsimulie ketoprak ya leo, maana huko haishiki. Nimetoka jasho. Nimeanza kubuni. Nimesema palikuwa na mfalme, malkia wake kaenda kumtembelea binti yao ng'ambo ya mto. Kauliza nani alicheza mfalme. Nimesema yule mnene. Kauliza mfalme alifanyaje. Nimesema akajenga mnara mrefu kuliko wa jirani, ili malkia auone kutoka mbali.

Kacheka. Sijamsikia akicheka tangu Julai. Kauliza kwa nini mfalme huyo asitume barua. Nimesema mfalme hatumi barua, Mama Endah, mfalme ana hadhi yake. Kasema basi mfalme huyo mjinga. Nimesema itaendelea wiki ijayo.

Sasa niko kwenye shida. Akirudi na kioo ni cheusi, atajua nimemdanganya. Lazima chaneli zirudi kabla yake.

Jumanne Legi, 12 Septemba

Leo nimetumia akili. Saa kumi na mbili asubuhi nimesimama uani, nimetazama jua likitoka. Limetoka kusini, kama kawaida yake. Nikajiambia, Suwignyo, huko ndiko mashariki ya watu. Kichwa kikazunguka. Nimeshika ukuta wa kisima mpaka kilipotulia.

Nikaenda mezani na penseli. Kaskazini yangu imekosea robo ya mzunguko. Hilo nalijua. Kwa hiyo nigeuze robo. Rahisi! Nimepanda, nimegeuza robo, nimekaza kwa waya, misumari na kamba ya kuanikia nguo.

Sifuri. Nimerudi mezani. Nimegundua kwamba robo ya mzunguko inaweza kwenda pande mbili. Nimekwenda ile nyingine. Sasa antena imerudi pale pale ilipoanzia, magharibi ya watu, na waya umekaza kiasi kwamba hata mimi siwezi kuufungua. Pak Tukiran kapita nje ya uzio, katazama juu, katazama mimi, kapita. Hajasema neno. Hilo limeniuma zaidi.

Alhamisi Pon, 14 Septemba

Mpango mpya. Mtu mmoja wa sokoni kasema karai likiwekwa nyuma ya antena linakusanya mawimbi yote yaliyopotea. Murti ana karai moja la chuma, zito, jeusi, la mama yake. Ndilo analokaangia tempe. Nimelitoboa katikati. Tundu dogo! Halitaonekana kukiwa na mafuta.

Matokeo: chaneli moja. Inaonyesha mashindano ya kuvua kambare. Mtu kakaa kando ya bwawa na ndoana. Nimemtazama kwa saa mbili. Hakupata kitu. Yeye angalau ana mwenzake, kakaa naye, anamshikia mwavuli.

Ijumaa Wage, 15 Septemba

Kambare.

Jumamosi Kliwon, 16 Septemba

Murti kapiga simu saa kumi na moja na nusu kamili. Kasema alikuwa akisubiri. Nimesimulia sehemu ya pili bila kutoka jasho hata kidogo. Mfalme kaamka asubuhi, hajui kaskazini iko wapi. Mawaziri wanamwelekeza, haelewi, anaona haya kuuliza. Majeshi kayapeleka upande mwingine kabisa, yamepigana na shamba la miwa. Murti kacheka mpaka kikohozi kikamshika. Kauliza mfalme alikuwaje kabla. Nimesema kabla alikuwa na malkia, malkia ndiye aliyekuwa akimwambia upande wa kisima, upande wa kuku.

Maneno yalinitoka tu. Nyuma ya Murti nimesikia mtoto akilia, nikasikia Endah akimbembeleza.

Kasema, "Baba Endah, una lolote la kusema?" Nilikuwa nalo. Lilikuwa hapa kooni, maneno mawili matatu, mtu yeyote angeyasema. Nimesema betri za rimoti zinakaribia kwisha.

Kasema haya, nunua.

Jumatatu Pahing, 18 Septemba

Mpango wa mwisho na ulio bora. Mlingoti wa Pak Tukiran upo wazi, una kapi na kamba. Kila Jumatatu asubuhi anakwenda zahanati kupimwa presha, njiwa anabaki chini barazani. Nimenunua antena ndogo, nimepita kwenye uzio, nimeifunga kwenye kamba yake, nimevuta ikapanda mpaka juu kabisa. Waya nimeupitisha nyuma ya migomba mpaka sebuleni kwangu. Chaneli nne! Nimepiga makofi peke yangu.

Pak Tukiran karudi mapema. Kaning'iniza kizimba bila kutazama juu, kavuta kamba. Waya ukanasa. Kizimba kikapinduka nusu njia, njiwa kichwa chini, mbawa puu puu puu. Televisheni yangu ikaanguka kutoka mezani, kwa sababu ndiyo iliyokuwa upande wa pili wa waya. Nimetoka mbio. Tukakutana kwenye uzio, yeye ameshika kamba, mimi nimeshika waya.

Nilingoja matusi. Nilikuwa nimeshaandaa ya kujibu. Hakutukana. Kashusha kizimba polepole, kamgeuza njiwa, kamwekea maji. Kasema njiwa huyu alikuwa wa marehemu mkewe. Asubuhi akimsikia analia kule juu, ni kama vile mke wake mwenyewe yuko jikoni. Miaka kumi na tano tunaishi ukuta kwa ukuta, na hilo sikulijua.

Nimeomba radhi. Kakaa kwenye kizingiti, kaniuliza yote haya ni ya nini. Nimemwambia ni ya Mama Endah, ili arudi. Kasema, "Pak Wig, mimi ningekuwa na mke mzima huko Surabaya, nisingepanda paa. Ningepanda treni."

Televisheni ina ufa pembeni, inawaka. Maneno ya Pak Tukiran nimeyafikiria kwa kina. Mtu mwema, lakini hajui lolote kuhusu antena.

Jumatano Wage, 20 Septemba

Karudi! Murti karudi! Saa tisa alasiri, bila taarifa, kashuka kwenye pikipiki ya kukodi na mfuko wa mikate mitamu ya Surabaya. Mimi nilikuwa paani. Nikashuka haraka mpaka ngazi ikaanguka. Kauliza goti. Nimesema linaendelea vizuri.

Kaona kila kitu kwa mfuatano huu: mwanzi, karai, ufa wa televisheni. Karai lilikuwa chini ya ngazi, nimekwisha kulishusha; kapitisha kidole katika tundu, kakichezesha upande wa pili, kanitazama. Nimeeleza habari za mawimbi.

Kisha kafunga kanga yake vizuri, kasimama katikati ya ua, kaniambia nipande. Nimepanda na koleo. Televisheni aliisogeza mlangoni aione. Akaanza. "Leta upande wa kisima. Zaidi. Zaidi. Usiogope. Sasa upande wa kuku kidogo. Kidogo, nimesema! Rudi. Hapo! Usiguse tena, Baba Endah, shuka." Ilichukua dakika tano. Chaneli thelathini na moja.

Pak Tukiran alikuwa kwenye uzio. Kasikia kila neno, kisima na kuku. Nilimwona akielewa. Miaka yote hiyo ya siri! Kafungua mdomo, Murti akamtazama, akaufunga. Kasema tu kwamba kazi imetoka nzuri, kaingia ndani.

Baada ya chai Murti kanionyesha picha ya mtoto, kaichapisha studio. Ana masikio yangu. Maskini. Nimeishika mpaka chai ikapoa.

Jumamosi Pahing, 23 Septemba

Ketoprak saa kumi, Murti kwenye kiti chake, mimi kwenye changu, chai mbili. Hadithi ya leo: mwizi wa ng'ombe. Hakuna mfalme mnene. Nikaanza kueleza kwamba labda wamebadilisha waigizaji. Murti kasema niache. Endah ana simu ya kioo, na chaneli ya mkoa inapatikana humo. Jumamosi zote alikuwa akiiangalia huko, moja kwa moja, na mtoto mapajani.

Nimetaka kuingia chini ya meza. Nimeuliza kwa nini basi alikuwa ananiomba nisimulie. Kasema yangu ilikuwa nzuri zaidi. Kasema alikuwa akingoja kuona kama mfalme atatuma barua.

Tumetazama mpaka mwisho. Mkono wake ulikuwa kwenye mkono wa kiti changu. Nimefurahi kuliko nilivyofurahi mwaka huu mzima, na nimeogopa, maana mfuko wake hajautoa vitu vyote.

Jumapili Pon, 24 Septemba

Nimempeleka stesheni. Anarudi Surabaya. Endah anaanza kazi wiki ijayo, mtoto hana wa kumshika. Miezi mitatu, kasema, labda minne. Kanieleza jinsi ya kuwasha jiko bila kuunguza tempe. Kanipa ramani ya kutoka stesheni ya Surabaya mpaka kwa Endah. Ameichora mwenyewe. Haina kaskazini. Ina msikiti wa kijani, duka la matairi, ua wenye mbuzi wawili. Kasema hata mtoto wa miezi miwili angefika.

Treni ilipoingia kanigeukia. Kasema, "Haya, Baba Endah. Una lolote?"

Ninazo kurasa hizi zote zimejaa lolote. Nimesema asahau habari ya karai, nitatafuta lingine.

Katikisa kichwa, kapanda. Nimesimama mpaka treni ikaondoka, kwenda ninapopaita kusini. Nyumba ni kubwa mno. Chaneli zote thelathini na moja zinaonekana vizuri sana, na hakuna hata moja ninayoitaka.

Jumanne Kliwon, 26 Septemba

Pak Tukiran kaja na tempe aliyokaanga mwenyewe. Kasema, kama nataka kusafiri, yeye atalisha kuku, wala si kazi. Nimemshukuru. Nimemwonyesha ramani, kaisifu. Kaniuliza basi treni ni ya lini. Nimemwambia sasa hivi nina shughuli.

Baada ya yeye kuondoka nimepanda paa. Nimefungua waya wa Murti, ule alioniambia nisiuguse tena. Antena nimeizungusha mara tatu huku nimefumba macho, kwa usalama, ili nisikumbuke ilikotoka. Nimeshuka. Nimehakikisha kwenye kioo. Sifuri! Safi kabisa, hata kambare hayupo.

Saa kumi na moja na nusu nimempigia Murti. Nimemwambia kwa masikitiko makubwa kwamba upepo umevuma, mambo yameharibika, na kazi hii haiwezekani bila mtu wa kusimama uani. Mtoto alikuwa akikoroma karibu na simu, nilimsikia. Kauliza upepo ulitoka upande gani. Nimesema kaskazini. Kauliza kaskazini ipi.

Kisha kauliza kama kuna lolote jingine.

Nimesema hakuna. Chaneli tu, Mama Endah. Zote thelathini na moja.